Koko Hakuhesabu Watoto

Harufu ya mavi ya mbuni si mbaya kama watu wanavyodhani. Ni harufu kavu, ya majani yaliyosagwa pamoja na vumbi, na mvua ikinyesha hugeuka ikawa nzito kidogo, kama gunia la mahindi lililoloa. Nikiinusa leo popote pale, miguu yangu hutaka kugeuka kuelekea nyika za Kitengela, mahali palipokuwa na shamba la wanyama ambako nilijitolea kusaidia wageni siku za sikukuu, nikiwa na umri wa miaka kumi na mitatu. Hiyo ilikuwa miaka ya mwisho ya tisini. Kitengela ilikuwa barabara moja yenye maduka pande mbili, na nyuma ya maduka kulikuwa na nyasi tu, hadi macho yachoke. Nyumbu walipita nyuma ya nyumba tuliyopanga, na mama alikuwa akitoka mbio kuanua nguo kabla hawajazikokota. Baba alifanya kazi katika kiwanda cha saruji upande wa Athi River, na jioni alirudi akiwa na nyusi nyeupe kama za mzee. Tulikuwa Waluhya kati ya Wamaasai. Hakuna aliyetuacha tusahau jambo hilo, na hakuna aliyetufanya tulijutie.

Shamba lenyewe lilikuwa la askari wa wanyamapori aliyestaafu, mtu mpole ambaye hakuweza kukataa mnyama aliyeletewa. Alianza na mbuni, akaongeza kobe, kisha punda milia aliyekatwa mguu na mtego, tumbili wawili wenye wizi, na fisi mwenye jicho moja ambaye watoto walimwogopa kuliko wote ingawa kazi yake ilikuwa kulala. Siku za kawaida hapakuwa na watu. Lakini Pasaka, na juma lote la Krismasi, mabasi yalikuja kutoka Rongai, Ngong, Kajiado na hata Magadi, yakiwa yamejaa watoto wa shule za Jumapili, na mzee yule hakuwa na wafanyakazi wa kutosha. Ndipo kanisa letu likaombwa watu wa kujitolea. Mama yangu aliandika jina langu bila kuniuliza. Malipo yalikuwa chai, mandazi mawili na unyoya wa mbuni mwisho wa siku. Nilikuwa na nyoya kumi na moja ndani ya chupa dirishani, na sikuona utajiri mwingine duniani uliouzidi huo.

Msimamizi wetu langoni alikuwa mama mmoja wa Kimaasai ambaye sote tulimwita Koko, yaani nyanya, ingawa siku hizo hakuwa mzee sana. Jina lake halisi silitaji. Kwao zamani jina la marehemu halikutamkwa ovyo, na ijapokuwa watoto wake wameliandika kwenye karatasi za mazishi, kalamu yangu inakataa. Naye pia alikuwa amejitolea. Alitembea kutoka kwake kuvuka mto, akiwa na shuka jekundu, viatu vya tairi na sweta ya kijani aliyopewa kanisani, na alinusa ugoro bila kumficha mchungaji wa kanisa. Hakuwa mtu wa maneno matamu. Mgeni mmoja alipomtupia fisi chupa, Koko alimwambia mbele ya mke wake kwamba kati ya hao wawili, fisi ndiye aliyelelewa. Alichukia tumbili waziwazi. Lakini alikuwa na namna ya kufanya kazi ambayo sijaiona tena kwa mtu mwingine. Kila mtoto aliyeshuka kwenye basi alipitia kwake, akainamisha kichwa kama watoto wa Kimaasai wanavyomwamkia mkubwa, naye akamwekea kiganja utosini. Wale wasiojua desturi aliwainamisha mwenyewe. Mmoja baada ya mwingine, hata wakiwa mia, hata basi lingine likiwa linapiga honi nyuma. Walimu walidhani anawabariki. Labda alikuwa anawabariki pia, lakini mimi niliyesimama kando yake niliona macho yake, nayo hayakuwa macho ya maombi. Yalikuwa macho ya mchungaji wa ng'ombe asubuhi, kundi likitoka zizini.

Kazi yangu mimi ilikuwa kuhesabu. Nilikuwa hodari wa hesabu darasani, na mwenye shamba alinipa daftari na penseli, niandike kila kundi lilipoingia na nihakikishe limetoka vilevile. Koko alilitazama lile daftari kama mtu anavyotazama viatu vya mgeni vyenye matope. Kwao watu hawahesabiwi, wala ng'ombe. Kumhesabu mtoto kwa kidole ni kama kumwonyesha balaa mahali alipo. Hakunikataza. Aligeuka tu upande mwingine kila niliponyoosha penseli, akatafuta ugoro wake.

Siku ninayotaka kuieleza ilikuwa siku iliyofuata Krismasi. Lilikuja basi la watoto kutoka Magadi, na wote walikuwa wamevaa sweta. Sisi tulikuwa mikono wazi tukisema kuna joto, wao wanatetemeka kwa upepo wa nyikani, kwa kuwa huko kwao kwenye ziwa la magadi jua huchoma mpaka mawe. Tuliwacheka, nao wakacheka meno yakigongana. Mmoja wao, mvulana wa miaka sita au saba, alivaa sweta ya baba yake iliyomfika magotini, mikono imekunjwa mara nne. Koko alimwekea kiganja, akamuuliza kama amekuja na baba yake humo ndani ya sweta. Mtoto alichungulia ndani kupitia shingoni, akajibu kwamba hapana, baba yuko kazini. Niliandika: arobaini na mmoja.

Saa kumi jioni mawingu yalikuwa yameshuka upande wa Ngong, na makundi matatu yalikuwa yamechanganyikana langoni. Dereva wa Magadi alitaka kuondoka kabla udongo mweusi haujalowa, kwa sababu ukilowa hakuna basi linalotoka. Mwalimu wao alinihimiza. Nilihesabu wakiwa wanapanda, nikapata arobaini. Niliwafanya wasimame, nikahesabu tena. Kando ya mlango wa basi alikuwepo mvulana mwingine anatafuna muwa, ananitazama, na mikono yake ilikuwa wazi, bila sweta. Nilijua si wa Magadi. Nalisema hili wazi kwa sababu nimelibeba miaka mingi: sikukosea, nilijua. Lakini honi ilikuwa inalia, mwalimu alikuwa amekunja uso, nami niliona aibu, hodari wa hesabu ambaye hesabu yake haikubali. Penseli yangu ilimpitia yule mtoto wa muwa, na ikawa arobaini na mmoja. Nikaandika. Nikamwambia mwalimu wako sawa.

Koko alikuwa anatoka kuwafungia kobe. Alipanda ngazi ya basi, akasimama pale mbele, akapitisha macho mara moja, polepole, kiti kwa kiti, kisha akashuka.

"Yule wa sweta ya baba yake hayuko," alisema.

Mwalimu alimweleza kwa heshima kwamba watoto wamehesabiwa mara mbili, na akamwonyesha mimi na daftari langu. Nililinyanyua ili aone, ingawa Koko hakujua kusoma.

"Namba iko," Koko alimjibu. "Mtoto hayuko."

Hakuniangalia alipolisema. Aliingia tena ndani ya basi akawauliza watoto, wala si kwa kugomba, ni nani aliyekaa karibu na yule wa sweta kubwa. Msichana mmoja alisema kwamba tangu mchana alikuwa anauliza kama yai la mbuni linaweza kuingia ndani ya sweta. Koko hakungoja zaidi. Hata leo naona visigino vya vile viatu vya tairi vikirusha vumbi mbele yangu.

Upande wa nyuma kulikuwa na boma la mbuni dume tuliyemwita Diwani, kwa jinsi alivyotembea kifua mbele kama anayetafuta kura. Siku nyingine alikuwa mpole, lakini wakati huo alikuwa anaatamia mayai, shingo na miguu imekuwa myekundu, na hakuna mfanyakazi aliyeingia kwake peke yake. Teke la mbuni dume humpasua mtu tumbo. Sweta ndiyo tuliyoiona kwanza, imenaswa kwenye seng'enge chini, mahali alipopenya. Kisha tulimwona mtoto mwenyewe, amelala kifudifudi nyuma ya birika la maji, na Diwani anazunguka birika lile mabawa yamefunguka, anatoa mlio wa chini kama wa ngoma iliyofunikwa blanketi.

Kando ya kila boma la mbuni huegemezwa tawi refu la mwiba. Mbuni haogopi mtu, haogopi rungu; anayaogopea macho yake, na mwiba ukiinuliwa juu ya kichwa chake atasimama mbali nao. Sote tulilijua hilo kwa maneno. Koko alilichukua tawi, akafungua lango, akaingia bila kukimbia. Alikuwa anasema Kimaa kwa sauti ndogo, ileile aliyoitumia kwa ng'ombe wanaokunywa maji. Diwani alimjia. Koko aliinua tawi juu kabisa, nikaona kwamba anaogopa kama mimi, na bado anakwenda. Alimfikia mtoto, akamnyanyua kwa mkono mmoja, akamweka mgongoni kwake, na akarudi kinyumenyume hatua kwa hatua, macho kwa yule ndege, miiba juu, mpaka akaligusa lango kwa kisigino. Mwenye shamba, aliyekuwa amefika mbio, alilifunga na kukaa chini papo hapo kwenye udongo ulioanza kulowa. Mvua ilikuwa imeanza.

Mtoto alikuwa mzima, ila alikuwa amejikojolea. Hapo ndipo Koko alipofanya jambo ambalo mimi nalihesabu kuwa kubwa kuliko la kuingia bomani. Alivua shuka lake, akamzungushia mtoto kuanzia kiunoni hadi miguuni kabla wenzake hawajamwona, akamwambia sasa amekuwa Mmaasai kamili, na akampeleka kwenye basi, mtoto akitembea kama kijana aliyepewa zawadi. Watoto wengine walimwonea wivu. Shuka lilikwenda Magadi, na Koko akavuka mto kurudi kwake kwenye mvua akiwa na ile sweta ya kijani na kanga ya kiunoni. Halikurudi, na sikumsikia hata siku moja akiliuliza.

Kabla hajaondoka alinikuta nimejibanza nyuma ya nyumba ya kobe. Aliniuliza neno moja tu, kama nilijua. Nilisema nilijua. Nilingoja kofi. Alikaa juu ya ndoo, akanusa ugoro, akapiga chafya.

"Wewe msichana wa Kiluhya, kwenu muko na kuku ngapi?"

Nilimwambia sijui.

"Mluhya hajui kuku zake? Na moja ikipotea?"

"Nitajua, Koko. Nawajua wote."

"Hm," alisema, na akasimama. "Basi kesho kuja bila kitabu."

Hakumwambia mwenye shamba, hakumwambia mama yangu. Kesho yake nilisimama karibu naye langoni nikiwatazama watoto, kila mmoja kwa kitu chake kimoja: yule anayetembea kama amebeba maji, yule wa jino lililovunjika, yule anayemshika dada yake kwa kidole. Mwanzoni niliwachanganya, naye alinicheka mpaka machozi, akasema mimi ningekuwa mchungaji, ng'ombe wote wangeliwa na simba nami ningebaki na kitabu. Lakini kufikia Pasaka nilikuwa naweza basi moja. Shuleni walitufundisha kwamba asiyekuwapo na lake halipo. Kwa Koko, asiyekuwapo ndiye aliyekuwa na neno la kwanza.

Shule yangu haikufika mbali. Niliishia kidato cha pili, karo ikakatika. Leo shamba lile halipo. Limekatwa viwanja, na pale kwa Diwani pana nyumba za ghorofa tano zenye lango la chuma na mlinzi anayeandika majina bila kutazama uso. Nyumbu sijui walikokwenda. Mimi ni mama wa basi la shule hapahapa Kitengela, ninayewapandisha watoto asubuhi na kuwashusha jioni. Kila mtoto ana kadi, anaigusisha kwenye mashine, mashine inalia, na mzazi anapata ujumbe kwenye simu akiwa kazini. Siidharau mashine hiyo. Ingekuwapo siku ile ya sweta, isingemhesabu mtoto wa muwa ili kuficha aibu yake. Mimi ndiye niliyefanya hivyo.

Mwaka huu tulimzika Koko nyumbani kwake. Hema zilijaa, magari yalifika mpaka mtoni. Mwendesha ibada alisoma idadi ya watoto wake, ya wajukuu na ya vitukuu, kwa sauti kubwa kwenye kipaza sauti, na mzee mmoja wa Kimaasai aliyeketi karibu nami aligeuza uso pembeni akatafuta ugoro wake. Nami sikusikiliza namba. Nilijikuta nawapitia watu kwa macho, kiti kwa kiti, polepole, kama nilivyofundishwa, kila mmoja na kitu chake. Nilifika mwisho wa hema nikaanza upya. Nilijua vizuri ni nani aliyekosekana, na bado nilimtafuta.

Jumatatu nilirudi kazini. Watoto walipanda, kadi zikalia, na dereva wetu, kijana mzuri mwenye haraka, akaniambia, "Mathe, mashine imesema wote wako, twende." Mvua ilikuwa inaanza na gari nyingine ilikuwa inapiga honi nyuma yetu. Nilisimama pale mbele kwenye ngazi, nikawaambia watoto waniangalie.

"Ngoja," nilimwambia. "Bado sijawaona."