Doa Lililotoka kwa Maji

Fundi aliyechora ukuta wa zahanati walimwita Sura Moja, kwa kuwa kila aliyemchora, awe kinyozi au bibi harusi, aliishia kufanana na yeye mwenyewe. Watu walimtania, naye akacheka, mradi kazi haikosekani.

Safari hii kicheko kilimkauka. Muuguzi mkuu alitaka ukuta mzima umwonyeshe mgonjwa wa kifua kikuu, tangu anapoanza kukohoa hadi anapopona, ili watu waache kuogopa kupimwa. Na Sura Moja alikuwa na mwezi wa pili anakohoa. Alikohoa akiwa juu ya ngazi, amewapa watu mgongo, kitambaa cha kufutia brashi mdomoni. Damu ilipotoka hakuhangaika nayo. Nani atamuuliza fundi rangi habari za doa jekundu?

Mficha maradhi kifo humuumbua, hilo alilijua. Dawa pia alijua zipo, si ndiye aliyezichora? Lakini kaka yake aliwahi kuingia mlango kama ule wa zahanati akatoka amebebwa. Kila alipoutazama, aligeukia ukuta akaendelea kuchora.

Siku ya kumi na moja ya kazi mkewe alikuja mchana, mtoto mgongoni. Alisimama chini ya ngazi, akakinyoosha kile kitambaa alichokuwa amekiacha nyumbani, kimetakata.

"Nimekifua kwa maji na sabuni tu," alisema. "Doa limetoka lote."

Rangi ya Sura Moja ilikuwa ya mafuta, haitoki kwa maji. Kwa miaka tisa mwanamke huyu alikuwa akizifua nguo zake kwa mafuta ya taa mpaka vidole vikambabuka.

"Hiyo ni rangi mpya," alijaribu. "Ya maji."

"Usinifanye mjinga, mume wangu. Tangu lini?"

"Miezi miwili. Niliogopa."

"Hata mimi naogopa." Akamshusha mtoto mgongoni, akampakata. "Huyu tangu juzi anakohoa. Nilidhani ni mafua."

Hofu aliyoilea miezi miwili ilikuwa ya nafsi yake peke yake. Hii ya sasa ilikuwa ya mtoto. Mtoto alilala kati yao kila siku, uso umeelekea kwake.

Alishuka ngazi, brashi bado mkononi. Muuguzi alipomwona mlangoni aliuliza, "Rangi imeisha, fundi?"

"Haijaisha," alisema. "Tumekuja kupimwa, sote watatu. Tafadhali dada, anza na mtoto."