Chaki ya Mwaro na Diski ya Mizani

Ndinda alikuwa fundi wa kompyuta katika kiwanda kimoja cha chumvi huko Marereni, na ugonjwa wake ulikuwa mmoja: hakujua kungoja. Hata chai aliinywa ikimchoma ulimi. Kila asubuhi akifika mizanini alimcheka Mzee Mwaro, karani wa magunia, ambaye hakuruhusu mchukuzi atie gunia la pili lorini kabla la kwanza halijachorwa mstari ukutani kwa chaki.

"Mzee, si uhesabu yote mwisho!"

"Mwanangu, nisiloliandika halijapakiwa."

Jumatatu hiyo Ndinda alikuja kuweka programu mpya ya mizani. Meneja Abdulqadir alikuwa amesema mambo mawili. Programu isipokuwa tayari saa sita mchana, mkataba wa Ndinda hauongezwi. Ikishafanya kazi, Mwaro akapumzike nyumbani. Ndinda alilisikia la kwanza tu.

Programu ilikuwa na faili ndogondogo elfu arobaini, na diski ilikuwa kuukuu. Kila faili moja ikiandikwa, kazi nzima ilisimama mpaka diski ithibitishe kwamba imeihifadhi, ndipo ije nyingine. Tangu saa mbili hadi saa nne, asilimia sitini. Huu ni Umwaro mtupu, Ndinda akajiambia. Akaikatiza, akafuta, akaanza upya, na safari hii akaiamuru isingoje uthibitisho wowote. Dakika nne, asilimia mia! Akacheka peke yake.

Stima zikapotea.

Ziliporudi, programu haikufunguka. Faili nyingi zilikuwa majina matupu. Zilikuwa hazijafika diskini. Angeiacha kazi ile ya kwanza iendelee, faili zilizothibitishwa zingebaki, naye angeendelea pale alipofikia na kumaliza mapema. Akaanza tena kwa mwendo wa chaki.

Saa sita meneja akachungulia mlangoni. "Vipi, tayari?"

Mzee Mwaro akamjibu kutoka nje, bila kugeuka. "Malori sita yashatoka, bwana. Hesabu hii hapa ukutani."

Meneja akautazama ukuta, akaona kazi haijakwama, akaenda zake kuswali.

"Asante, baba," Ndinda akasema. Ndipo akalikumbuka lile jambo la pili, kwamba programu ikikamilika mzee hana kazi tena, na aibu ikamjaa.

Karibu saa nane programu ilifika asilimia tisini na tisa, ikasita. Ndinda akaketi kuitazama, mikono mapajani, na kwa mara ya kwanza maishani mwake akaiombea ikawie.