Kumzoesha Mtoto Sauti ya Baba Yake

Nilijifungulia Shinyanga mjini, kwa mama. Nyumba ilijaa shangazi na wadogo zangu, mtoto akawa hawekwi chini. Kisha nikarudi Kagongwa, kwenye chumba chetu cha kupanga, tukabaki wawili. Mume wangu alikuwa Masumbwe, anachimba dhahabu, anakaa wiki nyingi bila kurudi. Majirani walikuwa wema, ila wakishaanza kumenya karanga wanahamia Kisukuma, na nyumbani kwa mama tuliongea Kiswahili tu. Nikawa natabasamu.

Mtu aliyekuja kwa ajili yangu alikuwa mhudumu wa afya wa mtaa, mama mtu mzima anayewatembelea wazazi wa mtoto wa kwanza. Nilikuwa nikisikia kandambili zake, moyo unacheka. Alikuwa akiuliza mtoto ananyonyaje, halafu ananiuliza na mimi nimekula nini.

Mume wangu alipokuja, mtoto alimwona akalia mpaka sauti ikamkauka. Jirani akatania kwamba mchimbaji ametoka duarani, kule shimoni, bila kunawa. Mume wangu alicheka, lakini alishinda akimtazama mwanawe kwa mbali, kama mtu anayetazama cha mwenzie. Akaondoka hajambeba.

Nilimweleza mhudumu huku nalia. Niliogopa mwanangu atakua akimwita baba yake mgeni. Akasema sauti inaweza kutangulia; baba apige simu akitoka duarani, niiweke karibu na mtoto, aongee naye yeye, si mimi.

Mwanzoni mume wangu aligoma, eti wenzake watamcheka. Siku moja akajaribu.

"Mwangaluka, bosi wangu. Umeshiba?"

Mtoto akaacha ziwa, akatulia kusikiliza hiyo salamu ya asubuhi ya Kisukuma. Tangu hapo akawa anasimuliwa kila kitu: mvua, ugali ulioungua kambini, jinsi baba anavyoogopa kamba ya kushukia shimoni ikicheza. Mambo hayo mimi sikuwahi kuambiwa. Nilishika simu kimya, nikiyaokota. Akimaliza, anakata.

Mume wangu aliporudi tena, mhudumu alikuwa kwangu. Akamwambia asiingie kwanza, aongee akiwa nyuma ya pazia la mlango.

"Mwangaluka, bosi wangu. Umeshiba?"

Mtoto akanitazama, akaitazama simu mkekani, akageukia pazia. Baba akaingia taratibu, bado anaongea. Mdomo wa mtoto ukapinda, nikajua tayari. Hakulia. Alinyoosha mkono, akamshika kidevu.

Mhudumu akaniaga. Alisema sasa atakuja kwa nadra, kuna binti amejifungua upande wa sokoni. Nilimsindikiza hadi barabarani, nikabaki nimesimama hata alipokwisha kupotea.

Niliporudi, nilimsikia mume wangu ndani akimuuliza mtoto, "Mbona mama yako amekonda hivi? Unamfanya nini?"

Nikafunua pazia. "Niulize mimi," nikasema.

Akasogea, akanipisha nikae naye mkekani.