Mume Wangu Alichomoa Pini ya Jeki, Mtani Wetu Akapigwa kwa Uongo Wangu

Admin, ficha jina langu, na wanaonifahamu wakinitambua kwa mkono basi wanyamaze. Nina miaka ishirini na saba, naishi Tabora mjini. Nilisoma ufundi wa mitambo chuoni, na kwa miaka mitatu nimetengeneza pikipiki uani kwangu pamoja na mume wangu. Tulifunga ndoa kanisani na tuna mtoto mmoja. Ninaandika kwa mkono wa kushoto, mniwie radhi kwa makosa.

Zamani tulikuwa tunalaza pikipiki ubavu kwenye gunia, mafuta yanamwagika, mgongo unauma. Nikasema tutafute jeki. Mume wangu alitaka mnyororo tuutundike kwenye boriti ya banda. Nilikataa, boriti ile imeliwa na mchwa. Jeki ndogo ya kuweka chini ya injini nayo niliikataa kwa sababu pikipiki ikitikiswa inaanguka. Nilichagua meza ya chuma yenye miguu ya mkasi: unakanyaga pedali, inapanda. Nilichora mwenyewe, nikampelekea fundi wa kuchomelea, Mzaramo mmoja aliyehamia huku. Sharti langu lilikuwa pini. Meza ikishapanda, unapitisha pini nene kwenye miguu, uzito wote unalala juu yake. Huwezi kuichomoa hivihivi. Lazima kwanza ukanyage pedali meza inyanyuke kidogo, ndipo pini ilegee, uivute, kisha ukanyage pedali ya kushushia.

Sisi ni Wanyamwezi, na Mzaramo ni mtani wetu. Alipoileta meza alianza kelele tangu getini.

"Nyie si ndio mlibeba mizigo ya watu mabegani mpaka kwetu pwani? Leo pikipiki moja tu mnaagiza mashine!"

"Na nyie mlikuwa mmekaa tu mnasubiri tuwaletee," nikamjibu.

Wateja wakacheka. Akamgeukia mume wangu: "Shemeji, nyumba hii nimeielewa. Fundi ni mke. Wewe ndiye jeki, kazi yako kunyanyua!"

Mtani hakasirikiwi. Hata msibani anaweza kulala njiani akagoma kupisha jeneza, mkacheka huku mnalia. Mume wangu alicheka pia. Lakini jina likabaki. Waendesha bodaboda wakawa wanafika na kuuliza, "Jeki yupo?" Wakiwa na shida ya injini wanapita mbele yake kama hawamwoni, wananiita mimi.  Mume wangu akaanza kurusha spana. Siku moja ilipita sikioni kwangu ikatoboa bati.

Jumamosi ile, saa nne asubuhi, mteja mmoja alimwambia, "Jeki, niitie fundi." Nikatoka, nikamhudumia, akaondoka. Nikarudi kwenye pikipiki iliyokuwa juu ya meza. Nati ikaniponyoka, ikadondoka katikati ya miguu ya mkasi. Pini ilikuwa mahali pake, niliiweka mwenyewe. Nikaingiza mkono wa kulia kuitafuta.

Nikasikia meza inanyanyuka kidogo. Nikasikia chuma kinakwaruza chuma. Nikageuza shingo, nikamwona mume wangu ameshika pini mkononi, ananitazama. Kisha akakanyaga.

Sitaeleza sauti ya mfupa. Nitasema tu kwamba nilimsikia mwanangu analia ndani na nikafikiri ni mimi.

Yeye ndiye aliyenitoa, yeye ndiye aliyenibeba mpaka hospitali ya Kitete, analia kuliko mimi. Njiani akaniambia, "Mama Fulani, sema jeki imeteleza. Shetani amenipitia." Daktari aliponiuliza, nikasema jeki imeteleza. Nimepoteza vidole viwili, na vilivyobaki havikunji.

Nilirudi nyumbani nikidhani uongo wangu unaniumiza mimi peke yangu. Wiki iliyofuata kaka wawili wa mume wangu walikuja kutoka Ziba, wakamwita Mzaramo aje aeleze jeki yake. Alikuja amebeba machungwa ya kuniona mgonjwa. Akainama kwenye meza bandani, akaangalia tundu la pini, akaiokota pini sakafuni, akaizungusha kwenye mwanga.

"Dada yangu, hii haijakatika wala haijapinda. Pini hii imechomolewa."

Ngumi ya kwanza ilimkuta bado ameinama. Wakamburuta uani, wakampiga kwa nondo magotini, wakampiga teke mdomoni. "Umemlemaza mke wa ndugu yetu halafu unatuletea utani!" Mume wangu alisimama mlangoni. Yule mtani alinitafuta kwa macho nilipokuwa nimekaa mkekani, mdomo wake umejaa damu, akasema, "Dada, si useme?"

Sikusema. Na ninyi msionijua nawaambia neno ambalo sijamwambia hata Mungu: kwa muda mfupi nilipumua vizuri, kwa sababu aliyekuwa anapigwa si mimi.

Sasa amelala kwake, taya imefungwa kwa waya. Familia ya mume wangu imemshtaki kwa mtendaji wa kata ili alipe na karakana yake ifungwe. Alhamisi nimeitwa nikaeleze.

Mume wangu amekuwa mpole mno. Ananiogesha, ananilisha uji kwa kijiko, anampeleka mtoto shule. Anasema ilikuwa hasira ya dakika moja. Nami kila nikifumba macho nahesabu: alikanyaga, akavuta, akakanyaga tena. Nilibuni hatua zile tatu mwenyewe, ili mtu asije akamuumiza mwenzake kwa bahati mbaya. Akiinama kuniosha miguu natazama kisogo chake, na mkono wangu wa kushoto unapima uzito wa nyundo ambayo haujaishika. Najiogopa.

Nikisema kweli, baba wa mwanangu atafungwa, na kaka zake wale wanajua ninapolala. Nikinyamaza, mtu aliyenitengenezea pini ya kuniokoa ataangamia kwa mdomo wangu. Msiniambie nisali, nimesali. Mwenye akili iliyotulia anishauri kabla ya Alhamisi: mtendaji akiniuliza jeki ilishukaje, nimjibu nini, na nikishajibu, nilale wapi?