Bastola ya Fundi Cherehani Aliyegeuka Muuza Mayai

Mayai hayataki haraka. Astère Bigirindavyi ameinama nyuma ya pikapu yake nyeupe mtaani Troyeville, anapokea trei moja baada ya nyingine kutoka kwa mkewe, Joséline. Kila anapoipanga anaibonyeza kidogo kwa viganja, asikie kama imekaa. Ni Julai 2014, baridi ya Johannesburg inauma masikio, na nyasi za kando ya barabara zimefunikwa na barafu nyembamba.

Trei tisini zikishaenea, anavuta turubai, anafunga kamba. Kabla ya kuingia kwenye gari anapandisha sweta, anagusa kiunoni, anashusha. Haangalii.

"Ipo," anamwambia mkewe. Joséline anakusanya trei tupu na kurudi ndani.

Kilichopo pale kiunoni ni bastola nyeusi ya milimita tisa, nusu chuma, nusu plastiki ngumu, ya aina iitwayo Veska. Ikiwa hujawahi kuisikia, hauko peke yako. Kwenye uwanja wa shabaha anakofanyia mazoezi ni yeye tu mwenye Veska, na kila akiitoa, watu humsogelea kumwuliza imetengenezwa nchi gani.

"Wenzangu wana bastola zenye majina makubwa," anasema akiwa ameshika usukani. "Mimi nina hii. Nimekaa nayo karibu miaka mitano na sina ubaya nayo. Ni bastola nzuri. Hilo ndilo linalonitesa."

Astère, mwenye umri wa miaka arobaini na mbili, alikimbia Burundi mwaka 1996 akiwa fundi cherehani. Johannesburg ilimpokea kwa kazi hiyohiyo: alishona suti na magauni ya harusi kwenye kibanda kimoja Hillbrow, hadi vurugu za Mei 2008 dhidi ya wageni. Siku moja ya vurugu hizo alisimama ng'ambo ya barabara akatazama cherehani zake mbili zikibebwa kichwani na watu aliokuwa akiwapunguzia suruali zao.

Hakushona tena. Aliungana na shemeji yake, Gaston, mdogo wake Joséline, wakaanza kupeleka mayai kwenye spaza, yale maduka madogo ya uswahilini, kuanzia Bertrams mpaka viunga vya Midrand. Kazi ilishika. Lakini gari la mayai hurudi na pesa taslimu, na kila mwizi anajua.

Mwaka 2009, alipopata kibali cha ukaazi wa kudumu, Astère aliomba leseni ya silaha. Bastola zinazojulikana zilimshinda bei. Muuzaji wa duka la silaha akamtolea Veska kutoka rafu ya chini ya meza ya kioo, randi elfu tatu na mia nne, chini ya nusu ya bei ya zile nyingine.

Ukimwuliza ina nini, anaeleza kama fundi anayesifia kitambaa. Ni nyepesi, hata kutwa nzima haivuti mkanda. Kishikio chake kinauenea mkono mdogo. Kwa nyuma haina nyundo ya kunasa kwenye nguo. Kinachogonga risasi ni pini nyembamba iliyofichwa ndani, inayosukumwa na springi katika kitundu chake. Na kifyatulio kinavutika taratibu, sawasawa, mwanzo hadi mwisho.

"Kama mkasi mkali kwenye pamba," anasema.

Lawama zake ni za mtu aliyenunua kitu kisicho na ndugu mjini. Mfuko wa kuivalia haukupatikana dukani, ikabidi aushone mwenyewe kwa ngozi ya mkoba wa zamani wa Joséline. Magazini ya pili aliingojea miezi mitano. Doa jeupe la kulengea lilibanduka mwaka wa kwanza, akapaka rangi ya kucha ya mkewe, nyekundu.

Gaston alicheka sana rangi ile. Aliita bastola hiyo sahani ya plastiki ya watoto. Walipokuwa wakipakia mayai alikuwa akiuliza kwa sauti, "Shemeji, leo umevaa sahani au umeiacha kabatini?" Na Astère naye hakuudhika. Walifanya kazi pamoja miaka mitano na hawakuwahi kulala wamenuniana.

Kila Jumapili baada ya ibada, Astère aliifungua Veska juu ya gazeti, akaisafisha. Kijitabu cha maelekezo kilikuwa cha Kiingereza tu, na yeye alisoma shule kwa Kifaransa. Alifuata picha. Palipokosa picha, alifuata mikono yake.

"Cherehani ukiinyima mafuta inatafuna nguo," anasema. "Nilijifunza hivyo nikiwa na miaka kumi na mitano. Unapoona kitundu, unatia tone. Basi na bastola nikatia. Kila kitundu, kila Jumapili."

Asubuhi moja ya Julai 2013, baridi kama ya leo, walikuwa wakishusha mayai kwenye spaza moja upande wa Midrand. Wanaume wawili walitokea nyuma ya pikapu, mmoja akiwa na bunduki fupi. Walitaka gari. Gaston alikuwa na trei sita mikononi, na labda alichelewa kuziweka chini. Yule mtu akamwelekezea bunduki.

Astère alichomoa Veska akiwa hatua tano tu. Aliiona rangi nyekundu ya kucha kifuani kwa yule mtu. Akavuta.

"Ikafanya tik," anasema. "Kama mtu anayefunga kijisanduku. Nikavuta tena, hata tik haikufanya. Kimya."

Wale watu walifyatua mara moja na kukimbia, bila gari, bila pesa. Risasi ilimvunja Gaston nyonga. Alianguka juu ya mayai, na mpaka leo Astère hawezi kusema ute ule na damu ile vilitenganika wapi.

Gaston alilazwa wiki saba. Alitoka na magongo mawili, mguu mmoja mfupi kuliko mwingine, akaja kukaa kwao Troyeville kwenye chumba cha mbele. Alikuwa na miaka thelathini na minane. Daktari alimwambia upasuaji wa pili ungeweza kumsaidia, lakini foleni yake ni ndefu.

Polisi walipoirudisha bastola, Astère aliipeleka kwa Denise, Mkongomani wa Lubumbashi anayetengeneza silaha kwenye ule uwanja wa shabaha. Denise aliifungua, akatoa pini, akasokota kitambaa cheupe na kukipitisha kwenye kitundu chake. Kilitoka na uji mweusi.

"Papa Astère," akamwambia, "humu ndani ulitaka kukaanga samaki wa makayabu?"

Alicheka peke yake. Halafu akaona uso wa mteja wake, akaacha.

Alimweleza polepole. Kitundu cha pini hukaa kikavu. Mafuta yanakusanya vumbi, na siku ya baridi yanaganda, na pini inayotakiwa kupiga kwa nguvu inapita kama mtu anayetembea kwenye tope. Inafika kwenye risasi imechoka. Ukivuta mara ya pili haifanyi kitu mpaka uikoki upya. Vyote viwili vilikuwemo kwenye kijitabu, ukurasa wa tisa.

Astère alirudi nyumbani na ukurasa wa tisa kichwani. Alimkuta Gaston akiwasimulia wageni wa kanisani jinsi plastiki ile ilivyomwangusha shemeji yake. "Mtu amesimama kiume, chuma kikamkimbia," Gaston alikuwa akisema. Wageni wakatikisa vichwa. Mmoja akamshika Astère bega.

Ukweli aliuahirisha. Siku ile haikufaa kwa sababu ya wageni. Ya pili haikufaa kwa sababu Gaston alikuwa na homa. Ikafika miezi kumi.

Joséline anasema alianza kuona mumewe anakula amesimama. Alidhani ni hofu ya barabara. Alimwombea hilo, kumbe alikuwa akiombea kitu kingine.

Juni mwaka huu Gaston alikuja mezani na furaha ambayo hawakuiona kwake tangu aumie. Serah, mwanasheria Mkenya wanayesali naye, alikuwa amekubali kumsaidia kumshtaki aliyeuza bastola mbovu. Fidia ingelipia upasuaji kwenye hospitali ya binafsi. Karatasi zilikuwa tayari. Kilichobaki ni sahihi ya mwenye bastola.

Gaston aliweka kalamu mbele yake. Astère akairudisha upande wa Gaston.

"Bastola haikuwa mbovu," akasema. "Ni mimi. Niliitia mafuta pasipotakiwa. Nimejua tangu mwaka jana."

Joséline anakumbuka friji ikinguruma. Anakumbuka pia kwamba mdogo wake hakupaza sauti. Aliuliza jambo moja tu: kama ni Denise aliyemwambia, na lini. Alipojibiwa alihesabu miezi kwa vidole juu ya meza.

"Mafuta ningekusamehe hapahapa, kabla chai haijapoa," Gaston akasema. "Lakini miezi kumi umeniacha nikutangaze kwa watu, na wewe umekaa unasikiliza."

Kesho yake alihamia Berea, ghorofa ya tatu ya jengo ambalo lifti yake haifanyi kazi, katika chumba cha Warundi wanne. Anateremka mara moja kwa wiki, kwa makalio, ngazi moja moja.

Tangu Gaston aumie Astère anapeleka mayai peke yake. Sasa kila Jumamosi hupeleka pia trei moja Berea. Wiki tatu za kwanza aliipokea mtu mwingine mlangoni.

Sasa leseni yake inaisha Novemba, na maombi ya kuihuisha yanatakiwa siku tisini kabla. Fomu inataka mtu wa karibu, ambaye polisi watamwuliza kama mwombaji anafaa kukaa na silaha. Joséline alimsihi aandike jirani. Yeye hakutaka. Alisema ni mtu mmoja tu Johannesburg mwenye haki ya kujibu swali hilo, na kama mtu huyo atasema hapana, hataenda kutafuta mwingine wa kusema ndiyo.

Jumamosi iliyopita alipanda ngazi zile na fomu mfukoni. Safari hii wenzake Gaston walikuwa kazini, mlango ulikuwa wazi. Gaston alikuwa amekaa kwenye godoro, mguu kanyoosha. Aliisoma fomu mpaka chini, akairudia.

"Niandike," akasema. "Lakini wakija nitawaambia wasikupe."

Astère aliitikia kwa kichwa. Alikuwa amelitarajia jibu hilo. Aligeuka aondoke.

"Sijamaliza, shemeji," Gaston akasema. Lilikuwa shemeji la kwanza tangu Juni. "Ukishaitoa hiyo kitu kiunoni, uje unichukue. Ngazi siwezi peke yangu na mizigo. Nitahesabu trei nimekaa ndani ya gari, kushusha utashusha mwenyewe. Lakini gari moja nayo sipandi tena."

Jumatatu Astère anaikabidhi Veska kituo cha polisi. Amekwisha kuulizia karatasi zinazotakiwa. Jumanne atakwenda Berea na binamu mmoja wa kusaidia kumteremsha Gaston, na Jumatano, Mungu akipenda, wataanza na spaza za Bertrams, zilizo karibu, kabla ya kuthubutu Midrand. Foleni ya upasuaji iko palepale.

Wale watu wawili hawajakamatwa. Barabara ni zilezile, na wezi wanaolijua gari lake hawajasikia kwamba ameacha silaha, ingawa watasikia.

Anaulizwa kama haogopi.

"Naogopa," anasema, akipunguza mwendo kwenye tuta, asivunje mayai. "Mwaka mzima nimeogopa nikiwa peke yangu na bastola. Acha sasa niogope tukiwa wawili."