Mikungu Minne Tuliyoishusha Njiani

Wiki iliyopita nilipanda lori la kahawa kutoka Rugu kwenda Bukoba. Juzi yake lilikuwa limekwama matopeni. Milimani lilijikokota bila shida, lakini tulipofika barabara iliyonyooka dereva akakanyaga mafuta, nalo likatetemeka hata meno yetu yakagongana.

Dereva akasimamisha lori, akaja nyuma, akanyoosha kidole kwenye mikungu minne ya ndizi. "Mzigo huu umeelemea upande. Ushuke!"

Mwenye mikungu alikuwa mama mkulima, anampelekea bintiye aliyejifungua. Hakupiga kelele. Alisema, "Baba, hata mlimani ndizi zangu zilikuwemo. Gari linatetemeka ukilikimbiza tu. Tazama magurudumu."

Tulicheka. Mwenye jembe amfundishe dereva gari! Tukamshusha na ndizi zake, tukaondoka, na lori likatetemeka vilevile.

Mbele, penye kijito, dereva akainama hatimaye, akachokoa ndani ya gurudumu la mbele kwa panga. Likadondoka bonge la tope kavu. Lilikuwa limelemea upande mmoja wa gurudumu, na kila gurudumu lilipozunguka kwa kasi lilitikisa lori zima. Kuanzia hapo tulikimbia kwa raha kama tumekaa barazani.

Hakuna aliyesema turudi. Wenye magari, kwangueni tope kwanza, ndipo mlaumu mzigo wa mtu. Nami sina uso wa kuwafundisha, maana mkungu wa kwanza niliushusha mimi. Yule mama aliupokea kwa mikono miwili, akaniambia, "Asante, mwanangu."