Kiti cha Zawadi cha Wifi Galya

Zlatina hakuwa mtu wa kinyaa. Miaka mingi alikuwa akipasua samaki sokoni Burgas, mji wa bandari huko Bulgaria, mikono imezama kwenye matumbo tangu asubuhi, na njaa ikimshika alikula mkate wake palepale, paka wakimzunguka miguuni. Mteja akiziba pua, Zlatina alimsogezea samaki usoni. "Mshike tu, dada. Huyu hang'ati tena." Sisi wa mtaa wa Meden Rudnik tulimjua hivyo, mwanamke wa mwili na wa sauti, asiyetetemeshwa na damu wala uvundo. Kwa hiyo nikisema kwamba masika yale alitapika kwenye ndoo yake ya maua, ujue si jambo dogo.

Mwanawe Boyan alikuwa hajafikisha mwaka, lakini alikuwa na mwili wa bondia. Kiti kidogo cha gari alichotoka nacho hospitali kilikuwa kimemshinda. Utosi umefika ukingoni, na mikanda ikifungwa mtoto alivimba uso kama soseji. Alihitaji kiti kikubwa, ila bado cha kumpakia akitazama nyuma ya gari. Daktari wa watoto alikuwa amemweleza Zlatina bila kuzunguka: shingo ya mtoto mdogo ni laini na kichwa chake ni kizito. Gari likigonga kitu, kiti kinachotazama nyuma humpokea kwa mgongo mzima. Akitazama mbele, kichwa kinarushwa peke yake.

Habari zilimfikia Galya, dada wa Rumen, mume wa Zlatina. Jumapili moja akaja na mumewe Krasimir, wamebeba kiti kikubwa cheusi kilichofungwa utepe wa buluu.

"Usinishukuru, wifi," Galya alisema akihema. "Mwanetu Ivaylo kimeshambana, tumempatia kingine. Hiki kama kipya!"

"Ulijua nitakushukuru?" Zlatina alimtania, wakakumbatiana. Bibi Stoyanka, mama mkwe, alifuta machozi kwa aproni. Watoto wake wanasaidiana, alisema, sasa hata akifa leo hana kinyongo.

Kesho yake Zlatina alikitoa kiti nje kwenye roshani kipate hewa kidogo kabla ya kukifunga garini. Jua lilipokipiga, harufu ikaja. Kwanza alidhani ni mikono yake mwenyewe. Akainama, akanusa kitambaa, akarudisha kichwa nyuma kama aliyepigwa kofi. Maziwa yaliyochacha, mkojo mkavu, na kitu kingine kitamu kitamu kinachooza.

Akavua kitambaa. Chini yake kulikuwa na maganda ya mbegu za alizeti yaliyogandamana na bigijii, na soksi moja iliyokakamaa. Kwenye pembe, palipokunjwa sponji, kulikuwa na kipande cha banitsa, mkate wa jibini, chenye manyoya ya ukungu, na ndani ya kipande kile funza weupe walikuwa wakijinyonganyonga. Aliwaza shavu la Boyan likilala pale, mdomo wazi, udenda ukidondoka. Ndipo ndoo ya maua ikapata habari zake.

"Wananiletea jalala lenye utepe," alimwambia Rumen jioni, bado midomo imekunjamana.

"Uchafu unaoshwa," Rumen alisema. Alikuwa mtu mpole, fundi wa kupaka rangi meli, asiyependa kelele nyumbani. "Galya hana muda, unamjua."

"Muda wa kupaka kucha anao."

Hata hivyo alikisugua. Aliloweka kitambaa kwa siki, akatoa sponji yote ili aoshe gamba la plastiki lililokuwa chini. Hapo vidole vyake vikakutana na kitu kama chumvi ya mawe. Akamimina viganjani. Vilikuwa vioo, chembe ndogo za mraba, za aina ile inayomwagika dirisha la gari linapopasuka. Akapitisha kitambaa kilicholowa kwenye gamba, na pale mkanda wa gari unapopita akaona ufa mrefu, kingo zake zimepauka kama mfupa.

Alikaa chini sakafuni. Akakumbuka Januari. Krasimir alisema mvua ya mawe imemvunjia dirisha, na wote wakampa pole. Wiki hiyohiyo Ivaylo alikuwa amefungwa bega, na kila mtu akaambiwa kwamba ameanguka kitandani. Mvua gani ya mawe, Burgas, Januari, inayochagua gari moja?

Hakupiga simu. Alisubiri sikukuu ya Mtakatifu Georgi, siku ambayo ukoo wote hula mwanakondoo uani kwa Bibi Stoyanka. Alifika na kiti kikiwa uchi, bila kitambaa wala sponji, akakiweka katikati ya meza, ubavuni mwa sinia la nyama.

"Wewe, toa uchafu huo kwenye chakula!" Krasimir alifoka. Glasi ya rakia, ile pombe kali, ilikuwa mkononi, na si ya kwanza.

"Kumbe unajua ni uchafu, shemeji. Haya niambie, huu ufa ni wa mvua ya mawe?"

Galya akaanza kukunja leso.

"Niligusa nguzo kidogo," Krasimir alisema hatimaye, huku akicheka. "Kidogo tu! Barafu barabarani."

"Ulikuwa umekunywa?"

"Nani hakunywa Januari?"

"Na mtoto alikuwa humu."

"Na si mzima? Anakimbia pale. Kiti kilifanya kazi yake, sasa kitafanya kwa wako. Sisi tulikulia mapajani kwa mama zetu, hakuna aliyekufa."

"Waliokufa hawaji kula nyama," Zlatina alijibu. Akamgeukia Galya. "Wifi, mimi nikikupa samaki aliyeoza nakuambia umpe paka. Wewe umeniletea hiki nimweke mwanangu. Umekifunga na utepe."

"Tungesema, polisi wangemnyang'anya leseni," Galya alinong'ona. "Na kukitupa watu wangeuliza."

"Binti yangu," Bibi Stoyanka aliingilia, akigeuza nyama ambayo haikuhitaji kugeuzwa. "Mambo ya nyumbani hayaletwi mezani. Ilishapita. Tulisema tusikutie hofu, unanyonyesha."

Zlatina alimgeukia mkwewe. "Tulisema? Mama, na wewe ulijua?"

Bibi Stoyanka aligeuza nyama tena. Zlatina aliniambia baadaye kwamba funza hawakuwa kitu. Kilichompanda kooni ni kukumbuka yale machozi yaliyofutwa kwa aproni.

"Basi kama hukitaki nirudishie," Krasimir alisema. "Kitapata mwenye shukrani. Nitakiuza."

Zlatina akafungua mkoba, akatoa kisu chake cha samaki. Galya akapiga yowe, akidhani mengine. Zlatina alishika mkanda wa kiti, lakini ulikuwa umelegea, kisu kikawa kinateleza. Ndipo Rumen, aliyekuwa hajasema neno tangu waingie, akasimama, akaushika mkanda ncha zote mbili, akauvuta ukakaza.

"Kata," alimwambia mkewe.

Wakaikata mikanda yote, mmoja mmoja, mbele ya ukoo. Kisha Rumen akalitupa gamba chini, akalipiga teke mpaka ufa ukafunguka kabisa, likawa vipande viwili. Wakachukua mtoto wao wakaondoka bila kuonja nyama.

Walinunua kiti kipya dukani. Rumen alikikandamiza kwa goti, Zlatina akavuta mkanda wa gari mpaka kiti kikakataa kucheza, wakakitikisa kwa zamu, wakamgeuza Boyan uso kwa mgongo wa kiti cha nyuma. Alitulia humo amekunja miguu kama chura, akala kidole.

Vuli ilipofika Galya alikuja peke yake. Krasimir alikuwa amehamia kwa kaka yake huko mji wa Yambol, na Galya ndiye aliyeendesha gari sasa. Aliomba Zlatina amwangalizie kiti kipya cha Ivaylo, hana hakika kama amekifunga sawa. Zlatina alishuka na aproni yake ya magamba. Alikifungua, akakifunga upya, akakaza mkanda mpaka kidole kikakosa njia kwenye bega la mtoto. Akampapasa Ivaylo kichwani.

"Njoo nyumbani, wifi, nimechemsha kahawa," Galya alimwambia, machozi yakimlengalenga.

"Nimeshakunywa," Zlatina alisema.

Hakuwa amekunywa.